Sakafu Iliyoinama ya Cibitoke

Mimi ni fundi wa sakafu, na kwa sakafu sina unyenyekevu. Kuta naweza kukuachia wewe, paa hata silitazami, lakini hapa Bujumbura ukitaka mahali pa kukanyaga pawe pa heshima, unamwita Uthmani wa Buyenzi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni kwangu kulalamika kwamba maji yametuama uani kwake.

Kwetu sakafu ya nje hukabidhiwa kwa ndoo. Ukimaliza kazi, mwenye nyumba anasimama, majirani wanasimama, fundi anamwaga ndoo ya maji upande wa juu, na wote wananyamaza kuyatazama. Yakikimbia moja kwa moja mpaka mferejini, unaletewa Fanta baridi na kazi imekwisha. Yakituama, hata kidimbwi cha kuku mmoja kunywa, utakuwa umepewa jina jipya mtaani kabla ya sala ya alasiri. Ndiyo maana mkono wangu umezoea kuinamisha sakafu. Nadhani hata godoro langu limeinama.

Sasa nina binti, Lubna, wa miaka kumi na tano. Mwaka jana aliletwa nyumbani amechunika kiwiko mpaka nyama inaonekana. Alikuwa Zone Industrielle, kwenye barabara ya maghala, akiteleza kwa viatu vya magurudumu, vile wenyewe wanaviita patini, katikati ya malori. Dereva alifunga breki hatua mbili kutoka alipoangukia. Sikujua hata kama mtoto wangu ana patini. Nilifoka, nikazifungia kabatini, nikajiona nimekuwa baba. Wiki mbili baadaye nilikutana na Eddy, kijana anayewafundisha kuteleza, nikamwuliza kama Lubna bado anakwenda. Akatazama chini. Akakiri kwamba Lubna anaazima za wenzake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imefika mwisho wake na malori yalikuwa palepale.

Eddy huyohuyo ndiye aliyemleta Joëlla kwangu. Joëlla ni msichana wa Gasenyi aliyesomea kuchora majengo, mwembamba, haongei sana, na kila anapokwenda ana tepu ya kupimia mfukoni. Alitaka kutengeneza kiwanja cha patini pale Cibitoke, nje, hewani, kwenye ardhi tupu ya Haji Karimu, mfanyabiashara wa mbao. Madereva walikuwa wamekwisha kumwomba Haji sehemu hiyo ya kuegesha malori. Haji alimpa Joëlla muda mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, na alimwambia mbele yangu:

"Mi sitaki kilabu ya watoto kumi wenye magurudumu. Nikikuta mutaa wote unakaa pale, nawaachia. Nikikuta Eddy na marafiki yake tu, Jumatatu malori yanaingia."

Basi mimi nilisikia jambo moja tu. Malori yakiingia Cibitoke, Lubna anarudi kwa malori ya Zone Industrielle. Nikaikubali kazi palepale.

Joëlla alikuwa na namna yake ya kuchora. Alikaa alasiri tatu juu ya kidumu cha maji kwenye ile ardhi tupu, akiandika wanawake wanapenda kukaa wapi, kivuli kinafika wapi saa kumi, watoto wa shule wanakatiza njia gani. Hakutaka ua wala geti. Nilimwuliza watu wasioteleza watakuja kufanya nini.

"Muzee, mutu hakuji kuangalia ciment," aliniambia. "Mutu anakuja kuangalia mutu."

Kwenye karatasi yake sakafu ilikuwa imeinuka kidogo sana katikati, maji yashuke pande zote nne, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Nilipoisoma nilimwonea huruma. Hawa wa shule, nikasema moyoni, mvua ya hapa wameiona kupitia dirishani. Na siku mbili za kumwaga zege yeye alikuwa Gitega kwenye harusi ya dada yake. Nikairekebisha karatasi kimya kimya, kwa mkono wangu. Niliiinamisha sakafu yote kutoka upande wa milimani mpaka upande wa barabara, kidole kimoja na nusu kwa kila mita, nikailainisha kwa mwiko mpaka nikaliona wingu ndani yake. Nikaifunika magunia mabichi wiki nzima. Sijawahi kufanya sakafu nzuri kama ile.

Jumanne, siku nne kabla ya siku ya Haji, niliita watu kwa ndoo.

Maji yalikimbia vizuri mpaka nikataka kujipongeza mwenyewe. Yalishuka mita ishirini na nne bila kusita, yakaingia mferejini. Nikageuka kungoja Fanta. Lakini Joëlla hakuwa anatazama maji, alikuwa anamtazama Eddy, aliyekuwa amevaa patini na kusimama upande wa juu. Alikuwa ameunganisha miguu, mikono nyuma, hajajisukuma. Akaanza kwenda. Alipita mbele yetu wima kama gunia juu ya mkokoteni, haraka kidogo, kisha haraka zaidi, mpaka akafika barabarani na kuangukia mferejini.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Muzee," Joëlla aliniuliza polepole, "niliandika nini kwa karatasi?"

"Uliandika mteremko wa mvua ndogo, mwanangu."

"Mutoto anayejifunza hataweza kusimama hapa. Kila mutu ataangukia kwa barabara."

Nilimwambia nitavunja nianze upya. Alitazama mahali mifuko ya sima ilipokuwa, hapakuwa na mfuko. Siku pia hazikuwepo. Aliondoka bila kuniaga, na kwa msichana mwenye adabu kama yeye, hilo lilinichoma kuliko matusi. Nyumbani Lubna aliniuliza sakafu ikoje. "Nzuri," nikamjibu, nikaenda kunawa mikono ambayo nilikuwa nimekwisha kuinawa.

Asubuhi nilikwenda mapema ili nipate kuona aibu peke yangu. Nilimkuta Joëlla amekwisha kufika, amechuchumaa upande wa chini, ana chaki mkononi.

"Muzee, mwaga tena ile ndoo."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwaga. Alikimbia kando ya maji, na yalipofika chini akachora mstari pale yalipogusa ukingo. Akaniomba ndoo nyingine, nimwagie hatua mbili pembeni. Tukaendelea hivyo ndoo kumi na moja, mimi juu, yeye chini na chaki. Tulipomaliza aliniita. Mistari yote ilikuwa imekusanyika upande wa barabara, imefanya upinde mmoja mrefu, mithili ya nusu ya ungo.

"Unaona? Kila mutu atafika hapa, apende asipende," alisema. "Nilikuwa nimetawanya viti pande zote ine. Navitoa vyote. Tunawaweka watu hapa."

Alitaka ukuta mmoja mfupi ufuate ule upinde, wa kumfika mtu mzima kiunoni, juu yake mviringo na upana wa kuweka kikapu au kukalia. Chini tuache matundu maji yapite. Wenye kuteleza upande wa ndani, wapita njia upande wa nje, na baina yao hakuna kitu ila ukuta wa kuegemea. Pembeni nipake njia ya kupandia kwa sima mbichi, niichore kwa ufagio wa miti, iwe na mikwaruzo, magurudumu yasirudi nyuma.

"Anayeshindwa kusimama," Joëlla alisema, "atafika kwa watu."

Mimi nilikuwa nimesoma maji miaka thelathini na moja na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumwambia mtu mahali pa kuwaweka binadamu. Alikuwa amelichukua kosa langu na kuliuliza linataka nini. Niliazima matofali na sima kidogo kidogo kwa kila aliyewahi kuninywesha Fanta, na hakuna aliyeninyima. Ijumaa jioni ukuta ulikuwa umesimama.

Jumamosi saa tisa sikutegemea kitu. Lakini barabara inapita pale, na mtu akikuta ukuta wa kimo cha kiuno anauegemea, hilo huhitaji kumfundisha. Spéciose, mama anayeuza karanga, aliweka sinia lake juu ya ukuta kana kwamba tuliujenga kwa ajili yake. Watoto wa shule wakasimama. Makanika wawili wakaja na mikono yao ya grisi. Haji Karimu alifika na kanzu nyeupe, akasimama katikati ya upinde, amefumbata mikono kifuani.

Vijana wa Eddy waliteleza kwanza. Haji alitazama tu. Nilijua anahesabu watoto kumi wenye magurudumu.

Halafu Eddy akampandisha Bella, binti wa Spéciose, wa miaka sita, patini kubwa zimejazwa soksi. Alimsimamisha upande wa juu, akamwachia. Mtoto hakujua kusukuma, wala haikuhitajika. Sakafu ilimchukua. Alishuka akiwa amepanua mikono na mdomo wazi, mtu mdogo kabisa katika uwanja ule mkubwa, na alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa Haji. Haji alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akakunjua mikono, akainama juu ya ukuta na kumpokea.

"Tena," Bella alimwambia.

Akarudi tena, na nyuma yake wakaja wengine. Mama mmoja alivua kandambili na kuazima patini, shemeji zake wakamngoja ukutani kwa kelele. Mmoja wa makanika, mzee mzima, alishuka amechuchumaa. Kila aliyeshuka alipokelewa, mara nyingi na mtu asiyemjua. Watu walikuwa wamejaa upinde mzima, mikono imenyooshwa ndani. Nilisimama mwisho wa ukuta nikiwatazama, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka. Sakafu ngapi nimezifanya mjini humu, na zote zilikuwa za kuondoa maji. Hii ilikuwa inaleta watu.

Karibu na magharibi Haji alikuja kwangu, kanzu imechafuka kifuani kwa mikono ya watoto.

"Uthmani," alisema, "na taa mutaweka lini?"

Palepale nikamwona Lubna. Sikuwahi kumwona akiteleza. Alikuwa anaupanda ule mteremko kinyumenyume, mtandio ameuchomeka vizuri, miguu inachora kitu ambacho sina jina lake, na watu wazima walikuwa wamemnyamazia kama wanavyonyamazia ndoo. Huyu nilimfungia kabatini, nikawaza. Alifika juu, akageuka, akaangalia ukuta wote mpaka akaniona. Akaunganisha miguu, akafumba macho, na kushusha mikono.

Alikuja bila kujisukuma, mita ishirini na nne, macho amefumba. Nilisogeza tumbo langu ukutani na kunyoosha mikono. Nilipomshika, kiganja changu kiliangukia kwenye kiwiko chake, kile chenye kovu.

"Ulisema ni nzuri," aliniambia, akihema.

Nikamwambia siku ile nilimdanganya, sasa ndiyo nzuri.