Matone Nane

Mume wangu alipostaafu kazi ya upimaji ardhi, alikaa kwenye kiti miezi mitano akitazama ukuta. Sitii chumvi. Kiti ni hiki hiki chenye mkono uliopasuka, ukuta ni ule wenye kalenda ya mwaka juzi. Ukimuuliza lolote anajibu, "Sawa tu." Chakula, sawa tu. Mvua, sawa tu. Siku pazia la jikoni liliposhika moto nilipiga mayowe, naye akajibu kutoka kitini, "Sawa tu."

Halafu akaleta tangi la kioo. Lita themanini za maji ya chumvi, mawe, kisamaki kimoja chenye mistari, na tumbawe la zambarau lisilozidi ngumi ya mtoto. Akaliweka mbele ya ukuta ule ule. Lile tumbawe nikalibatiza Bi Mdogo, maana katika miaka thelathini na minne ya ndoa mimi sijawahi kuulizwa mara tatu kwa siku kama nasikia joto. Nilinung'unika kwa mdomo tu. Moyoni nilishukuru mpaka nikatokwa na machozi, kwa sababu mume wangu alikuwa amerudi.

Alirudi na vituko vyake. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa chai, huvuta maji ya tangi kwa bomba la sindano, akayatia kwenye kichupa, kisha akadondoshea dawa tone moja moja hadi rangi ya buluu igeuke njano. Idadi ya matone ndiyo alkali, yaani nguvu ya maji ya kuhimili uchachu. Ikiyumbayumba, tumbawe linakufa. Yeye alitaka nane, si saba wala tisa. Wakati wa kuhesabu redio huzimwa, na mama mkwe wangu, mwenye kikohozi cha miaka, hukibana kifuani mpaka macho yanamtoka. Kukaanga vitunguu kulipigwa marufuku. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki aliamriwa anawe hadi viwiko ndipo apite sebuleni, na kwa kuwa sinki ndilo lililokuwa bovu, akaenda kunawa kwa jirani.

Kisha siku moja akatangaza, "Sita!"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akakaa na kimashine chake cha kudondoshea tangini dawa ya kupandisha alkali, akakiongeza kasi kidogo, akaandika kwenye daftari. Kesho yake ikawa kumi. Keshokutwa tano. Kisha kumi na moja.

"Nimepima mipaka ya watu miaka thelathini na tisa," alisema, "sijaona jiwe la mpaka likitembea. Haya maji yanatembea."

Kibaya zaidi, daftari nalo likaanza kumgeuka. Alikumbuka kumi na moja, akifungua anakuta nane, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mama watoto, jana nilisema ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi nimeanza kuchanganyikiwa."

Akaamua. Maji yasipotulia kufikia Jumamosi, muuza samaki aje abebe kila kitu. Alipomaliza kusema, akakigeuza kiti kidogo, si sana, akajaribu pembe ya kutazamia ukuta.

Ijumaa alipoenda kunyoa, nilichukua kopo la soda ya kuokea na kijiko, nikanyata hadi kwenye tangi. Ndiyo, ni mimi. Siku ile alipotangaza sita nilimhurumia, nikasikia soda inapandisha alkali, nikatia kijiko cha chai cha kujaa pomoni. Na kila iliposhuka nilitia tena.

Mama mkwe alikuwa amenitangulia. Alisimama mbele ya tangi ameshika nusu kikombe cha siki.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nashusha. Mwanangu alisema kumi na moja."

"Hiyo ilikuwa juzi! Leo ni nne!"

"Mimi nikisikia imepanda nashusha, ikishuka namwachia Mungu," alisema. "Sasa kumbe Mungu mwenyewe ni wewe."

Nyuma ya mlango wa chumba tukamkuta binti yangu msusi, daftari mapajani, kifutio mkononi. Mwandiko wa baba yake anauiga tangu enzi za kujitilia sahihi kwenye ripoti za shule. "Nilitaka afurahi tu," alisema.

Mume wangu alipoingia na kichwa kinachong'aa, tulimweleza yote. Hakufoka. Alituweka mstari mmoja, akachukua maelezo ya kila mmoja kama ya mashahidi wa kiwanja, akatutaka tutie sahihi. Ya binti yetu aliikagua kwa miwani mara mbili. Kisha akampigia muuza samaki asije, na akatoa amri moja: mikono mbali.

Tukaweka mikono mbali. Maji yakatulia. Nane, nane, nane. Kimashine kilidondosha chenyewe usiku na mchana, kisamaki kikanenepa, Bi Mdogo akachipua kidole kipya. Siku kumi na moja mfululizo, nane.

Siku ya kumi na mbili hakupima. "Ni nane tu," alisema kutoka kitandani. Alipoamka alipita tangi bila kuinama, akaketi, akatazama ukuta juu ya kioo, pale palipobaki.

Nikamuuliza mayai ayataka ya kuchemsha au ya kukaanga.

"Sawa tu."

Niliingia jikoni nikalia kwenye kitambaa cha vyombo. Sikulia kidogo.

Kesho yake nilitia soda, nusu kijiko tu, nikamwomba apime japo mara moja kwa ajili yangu. Akapima kwa uvivu.

"Tisa!"

Redio ikazimwa. Akapiga magoti, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akatunusa vidole mmoja mmoja. Mama mkwe aliapa kwa kaburi la marehemu mumewe, na safari hiyo alikuwa anasema kweli. Uchunguzi ulichukua siku mbili, na siku zote mbili alikula akarudia.

Tangu hapo tuna zamu. Mimi soda Jumatatu, mama mkwe siki Alhamisi, kidogo sana. Binti amepumzishwa.

Jumatatu iliyopita nilifungua kabati la jikoni, kopo sikulikuta. Nikalitafuta nyumba nzima, nikijua tumekamatwa. Lilikuwa sebuleni, kando ya tangi, kifuniko kimelegezwa. Juu yake kililala kijiko, kimefutwa kikakauka, na tumboni mwake pamepigwa mstari mwekundu kwa kalamu ya mume wangu ya kuchorea viwanja, katikati kabisa.

Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa. Ndani alikuwa anaoga, na alikuwa anaoga muda mrefu kuliko kawaida yake, akiimba kwa sauti ili nijue bado yumo.

Nikatia soda hadi kwenye mstari, nikaenda kuzima redio.