Wimbo wa Kukamulia

Spika ya baa ilikuwa ikiunguruma tangu asubuhi, ubavuni mwa zizi la kupakilia mifugo pale Murongo, na ng'ombe waliosubiri kupakiwa kwenye lori walikuwa wameanza kuumizana. Kila besi ilipodunda walirudi nyuma kwa pamoja, wakabanana kwenye magogo, macho yamewatoka. Wapakiaji waliwajibu kwa fimbo.

"Waacheni," Ainebyona alisema. "Nitawapandisha mimi, bila fimbo."

Luqman, tajiri wa ng'ombe wale, alicheka. "Malenga wa zizini. Haya, imba. Wakigoma, utapanda wewe."

Ukimdhihaki Ainebyona ndiyo umemchochea. Kwao Nyabiyonza hakuna aliyemfikia kwa kuwaimbia ng'ombe. Beti alizitunga mwenyewe, akazishonea kwenye mluzi wa kukamulia walioachiwa na babu. Asubuhi ile, alipoaga kwenda Murongo, mama yake Placidia alimwonya: "Wimbo ule ni wa maziwa, mwanangu. Usiupeleke kwa wachinjaji." Aliyaona maneno ya kizee. Wanyama wanapigwa, naye dawa anayo kooni. Aifiche kwa nini?

Luqman aliagiza spika izimwe. Ainebyona akasimama juu ya daraja la mbao la kupandia lori, akapiga mluzi, akaimba.

Masikio yaligeuka. Migongo ikaacha kutetemeka. Mpakiaji mmoja akaishusha fimbo, akabaki kumtazama kama mtu aliyeona mazingaombwe.

Ndipo kutoka nyuma ng'ombe mwekundu akajipenyeza kati ya wenzake, pembe ya kushoto imekatika ncha. Bihogo. Mwezi uliopita, malisho yalipowaishia, mama alimuuza kwa mtu aliyeapa kwamba angemfuga.

Alikuja kwa haraka ileile ya kila alfajiri. Alipofika kwenye daraja, chuchu zake zilianza kudondosha maziwa, tone baada ya tone, juu ya mbao zenye kinyesi.

Ainebyona akaacha kuimba.

"Imba, bwana," Luqman alisema. "Wanaanza kugeuka."

"Huyu ni wetu."

"Alikuwa wenu. Sasa ni wa lori."

Ng'ombe walianza kusukumana tena. Fimbo ikainuka, ikamshukia Bihogo mgongoni, na yeye hakurudi nyuma. Alizidi kuinyoosha shingo kuelekea kwa Ainebyona. Fimbo ikainuka tena.

Ainebyona akaimba. Aliimba akirudi kinyumenyume hadi ndani ya lori, na Bihogo akamfuata, na wengine wote wakamfuata Bihogo.

Jioni, nyumbani, alichuchumaa na ndoo chini ya ng'ombe aliyezaliwa na Bihogo. Mama alikuwa ameegemea mwimo wa zizi.

"Mbona kimya? Mwimbie."

Alikamua. Chuchu hazikutoa kitu. Ng'ombe aligeuza kichwa, akamtazama, akingoja.

"Ainebyona, si umwimbie?"

Aliendelea kuvuta, na ndoo ikabaki kavu mpaka giza likaingia.