Simu za Mpole

...na huo mvumo sasa hata mimi nausikia, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, Fundi ana haki, hakuna kurekodi mpaka aupate unakotoka, basi acha nisimame papa hapa mbele ya maikrofoni na hedifoni zangu masikioni, nimebanwa kwenye kichumba kilichobandikwa sponji kuta zote utadhani nimeingizwa ndani ya godoro, nimtazame tu kupitia kioo anavyotambaa chini ya meza, makalio juu, anavuta waya huu, anachomoa ule, na Mwongozaji kakaa kando yake mikono kichwani kama mfiwa, wala si kwa ajili ya mvumo, ni kwa ajili yangu, najua, maana tangu asubuhi ananibembeleza, "Mama, nataka damu ya mtazamaji igande," nami nakoroma, nanguruma, najikwaruza koo, kinachotoka ni mbuzi mwenye mafua, mpaka Fundi akasema, "Mimi yangu imeshaganda, ila kwa njaa," tukacheka wote isipokuwa Mwongozaji, maskini, filamu ni yake, mwiba umemchoma yeye... na filamu yenyewe nzuri jamani, msichana kahamia nyumba ya zamani, sebuleni kuna simu ya mezani iliyokatwa waya, inalia, anapokea, anayepiga ni mimi, mwanamke niliyeishi nyumba hiyohiyo zamani, na ninapiga kutoka hukohuko zamani, kwangu mimi miaka hii ya leo haijafika, na huko niliko msichana yule bado ni mtoto mdogo wa jirani, anacheza uani kwangu, kwa hiyo nikimchoma mkono yule mtoto, kovu linamtokea huyu mkubwa hapohapo akiwa ameshika simu, niliposoma mara ya kwanza nikamuuliza baba watoto, hivi vocha ya kupigia miaka ijayo inauzwa duka gani, akacheka, lakini aliponisikia nafanya mazoezi jikoni akaanza kuomba taa ya korido isizimwe, mwanamume mzima na ndevu zake, na kitinda mimba wangu naye kawatangazia darasa zima kwamba mama yake kaajiriwa kuwa jini, wenzake wanamwachia njia... nao wakijua jini lenyewe limeshindwa sentensi moja! moja tu imebaki, ile ya mwisho, "Mtoto nimemshika mkono hapa, na wewe nakusikia unavyopumua, kati yenu nimwache yupi?" nikikosa na mara hii Mwongozaji anampa kazi mtangazaji mmoja wa redio, kaniambia kwa adabu zote lakini kaniambia, nami sitaki, naitaka kazi hii, yeye mwenyewe ndiye aliyenifuata stesheni, mimi ndiye ninayetangaza treni pale, abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari, akagonga dirisha akasema, "Mama, una sauti inayotoka kaburini," nikamshukuru, nani mwingine amewahi kuisifu sauti hii, hata Mama aliyenizaa ananiambia nipunguze... "Mama?" huyo sasa Mwongozaji anaongea masikioni mwangu, kabonyeza kitufe, "Mama, wewe hujawahi kuiogopa simu?" anauliza hivihivi tu, kama mtu anayeuliza kama nje kuna jua...

kuiogopa simu, mimi, mwanangu wewe, mimi ambaye mpaka leo namba nisiyoijua siipokei, naiacha ilie mpaka ichoke, na baba watoto akibadilisha laini hunitumia ujumbe kwanza, ni mimi jamani, usipate hofu... ila yule hakukoroma, hilo ndilo jambo, yule hakuwahi kukoroma, ndiyo maana wakamwita Mpole, mtaa mzima ulimwita hivyo, mume wangu wa kwanza, hata kikombe alikiweka mezani taratibu kama kinalala, na siku niliyofungasha nguo zangu nikarudi kwa Mama hakunizuia, alisimama mlangoni akanitakia safari njema, kesho yake swichibodi ikalia, enzi hizo nilikuwa mpokea simu wa kiwanda cha mablanketi, kila simu ya kiwanda lazima ipite mkononi mwangu, sasa kazi yako ni kupokea simu, utaachaje kuipokea, nikasema, "Kiwanda cha mablanketi, habari za asubuhi," na ile sauti, taratibu, laini, kama anayemwamsha mtoto, "Umekula?" basi, hivyo tu, kesho tena, "Umekula?" kesho kutwa, "Umekula? Kola ya gauni lako imekunjika upande wa kushoto," nikapeleka mkono kolani, imekunjika kweli, na dirisha langu linatazama ukuta... nikamwambia msimamizi, akauliza, "Kwani kakutukana?" hapana, "Kakutishia?" hapana, shangazi ndiye aliyenimaliza, "Mwanamume anauliza kama umekula, we mtoto, unataka akuulizeje, kwa ngoma?" kila taa ya swichibodi ikiwaka natamani kukimbia, nikawa nakonda huku ninaulizwa kila siku kama nimekula... mpaka Mama akaja mwenyewe, kavaa viatu vyake vya harusini, hakuniuliza lolote, akavuta kiti akakaa kando yangu na mfuko wake wa kufumia, taa ikawaka, akaninyang'anya mkonga wa simu, upande wa pili sauti ikasema, "Umekula?" na Mama, kwa sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya barabara, "Nimekula, mwanangu mkwe, Mungu akubariki kwa kuniuliza, wanangu wenyewe hawaniulizi! nimekula nikashiba, ila hili goti langu, umesikia habari za goti langu?" hehe, na mkwe hakatiwi simu, hata shetani ana mkwe anayemheshimu, Mpole ikambidi aitikie, naam mama, pole mama, Mama akamsimulia goti, akatoka kwenye goti akaingia kwenye paa linalovuja, "wewe ndiye mwanamume wa karibu, unakuja lini na ngazi?" akamsimulia ndoto, akamsimulia ugomvi wake na jirani tangu ulipoanzia, wafanyakazi wamejaa mlangoni wamejiziba midomo, msimamizi naye yumo, na kesho yake Mama alirudi, na siku iliyofuata, "Mkwe wangu huyo! jana tuliishia wapi?" mpaka simu zikawa chache, halafu siku moja taa haikuwaka, Mama akangoja, akangoja, akakunja ufumaji wake, akasema, "Loo, na paa langu je?"... hahaha, Mwongozaji ananiona nacheka peke yangu, atadhani nimepagawa, na apate hofu kidogo, ndiyo kazi aliyonipa... lakini ngoja, ngoja kwanza, mbona nimeisema kichwani ile "umekula" mara zote hizo wala sijatamani kukimbia, na nimeisema vizuri, kwa pumzi yake yenyewe, na ule utulivu wa kikombe kinacholazwa mezani, sauti ile ninayo, imekaa kooni mwangu miaka yote hii nami nilidhani iko huko nje, kwenye namba nisizozijua, inanizungukia... kumbe nimeifuga mimi, ina kamba shingoni na kamba nimeishika mimi... na asubuhi nzima nahangaika kuwa mbuzi! mtu wa kutisha hangurumi, anakuuliza habari za kola, hebu nijaribu, polepole, nisogee maikrofoni karibu, nitabasamu kidogo, ndiyo, Mpole alikuwa anatabasamu, nilikuwa nasikia tabasamu lenyewe kwenye waya, "Mtoto nimemshika mkono hapa... na wewe nakusikia unavyopumua... kati yenu nimwache yupi?" nimeisema kama anayeuliza chai iwe na sukari au isiwe nayo, na kule nyuma ya kioo, pu! Fundi kajigonga kichwa chini ya meza, katokeza macho tu, kama panya, na Mwongozaji kashusha mikono, mdomo wazi, kisha anasema, "Fundi. Umeinasa hiyo?" na Fundi, "Ningeinasaje nami waya nimeushika mkononi!" na Mwongozaji, "Mungu wangu, Fundi, Mungu wangu," anazunguka kiti chake kama mtu aliyeangusha yai la mwisho, nami nabisha hodi kiooni kwa kidole, nacheka mpaka hedifoni zinaniteleza, "Tulia, mwanangu, haijapotea, naweza kukupa hiyo na dada zake wote," ananitazama, kidogo anaogopa, kidogo anataka kunikumbatia, "Mama, umeitoa wapi?" nikamwambia, "Ni ya kwangu," na nilipoisikia masikioni mwangu nikaona ni kweli, ni ya kwangu, basi Fundi atafute waya wake taratibu, avute huu, achomoe ule, nyuki na aimbe kwenye chupa yake mpaka kiu imshike, mimi nipo, nimesimama, sina haraka, kwa mara ya kwanza nasubiri simu iite...