Fundi Madirisha na Mlingoti wa Baba Mkwe

Tanga lilikwama katikati ya mlingoti kwa mara ya tatu asubuhi ile, na mzee uvumilivu ukamwishia. Akapanda juu ya paa la chumba cha mashua alivute kwa nguvu, mguu ukateleza, akaangukia bega. Mashua ilirudi gatini kwa injini, na mzee akarudi nyumbani mkono ukining'inia kwenye kitambaa.

Kesho yake mwanawe alimkalisha kitako sebuleni.

"Baba, imetosha. Una miaka sabini na mbili. Hiyo mashua tuiuze."

"Anza kuuza gari lako," mzee alimjibu, wala hakugeuza uso.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa akimenya machungwa pale kando, alibana kicheko. Huyu alikuwa fundi wa madirisha na milango ya alumini kwa mwaka wa kumi na nne sasa, ana karakana yake na viganja vigumu kama soli. Baba mkwe alimpenda sana, ila kazi yake aliiita "mambo yako ya vioo", na neno hilo lilimchoma mkwe kila aliposikia, ingawa hakuwahi kusema.

"Baba, linakwama wapi hasa?" aliuliza.

Mzee akaeleza. Nyuma ya mlingoti kuna mfereji toka chini hadi juu, na tanga lina vipande vya plastiki vinavyopita humo. Mfereji umechakaa, vipande vinajipinda. Upepo ukibana kidogo tu, tanga halipandi wala halishuki.

"Kumbe ni mlango wa kusukuma kwenye reli," mkwe alisema. "Ila umesimamishwa wima."

"Mlingoti si mlango, mama."

"Ukikwama, baba, ni mlango tu. Niachie mimi kabla hamjauza."

Mume alimtazama mkewe, akamtazama baba yake, akaona amezidiwa idadi. Akachukua chungwa lake akatoka.

Mkwe alipima, akaagiza reli mpya ya alumini ya kufungwa juu ya ule mfereji, na vigari vidogo vyenye gololi ndani, vya kubeba tanga. Mlingoti ukashushwa ukalazwa juu ya vigoda vinne, mita tisa na nusu za bomba. Mwenye mashua ya jirani, ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia, alikuja na kiti chake kabisa.

"Fundi madirisha!" alisema. "Pazia utaweka la rangi gani?"

"La kukuziba mdomo," mzee alimjibu. Mkwe alishangaa. Hakuzoea kutetewa.

Alivuta uzi toka ncha hadi ncha ili reli isiende upogo, akatia alama, akaanza kutoboa. Kila tundu alilikata nyuzi za skrubu kwa mkono, robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, taratibu. Kila skrubu aliipaka gundi nzito ili chuma kisiile alumini. Mzee alishika kikombe cha skrubu kwa mkono wake mzima.

"Skrubu, baba."

"Hii hapa."

"Siyo hiyo, fupi."

"Hii hapa, bosi."

Siku ya pili, saa tisa alasiri, kazi ilionekana imekwisha. Mkwe alifumba macho akapitisha ukucha juu ya reli, polepole. Pale vipande viwili vilipokutana ukucha uligonga. Ukingo mmoja ulikuwa umepanda, labda unene wa karatasi.

Mzee alipapasa asihisi kitu. "Hiyo haina neno. Tusimamishe."

"Ina neno, baba. Mlango wangu ukiwa na ukingo kama huu, wiki haiishi mteja ananipigia simu. Na mteja hayuko majini."

Akafungua skrubu kumi na moja. Redio akapiga mluzi. Mkwe hakuinua kichwa. Alipiga tupa ncha zote mbili, akarudisha reli, akapapasa tena, akafungua tena, akarudisha tena. Alipomaliza, alitia kigari kimoja na kukisukuma kwa kidole kidogo. Kilikwenda mpaka mwisho wa reli bila sauti. Mzee akakirudisha. Akakisukuma tena. Alicheza nacho hata akasahau kwamba watu wanamwona.

Wiki tatu baadaye, bega likiwa limepona nusu, waliipeleka mashua majini kwa mara ya kwanza tangu reli ifungwe. Mume alikuja pia, amejifunga jaketi la kuokolea maisha hadi kidevuni. Mzee alishika kamba. Alivuta mara moja, akaangalia juu kwa mashaka, kisha mkono baada ya mkono, na tanga likapanda lote kama mtu anayekwea ngazi za kwao.

"Bega, baba?" mwanawe aliuliza.

"Bega gani?"

Kisha akaiachia kamba. Tanga zima lilishuka kwa mkupuo likamfunika gubigubi. Halafu kicheko kikatoka ndani ya kitambaa, kicheko cha mtu aliyepungua miaka thelathini. Alipojitoa, kofia haipo na macho yamejaa machozi, alilipandisha tena. Akalishusha. Akalipandisha mara ya tatu, bila sababu yoyote, pale pale mbele ya gati, Redio akiwa amesimama mdomo wazi.

"Unaona?" mzee alimpigia kelele. "Mkwe wangu huyo! Kazi ya mkono wake!"

Fundi alikaa kwenye usukani. Alikuwa amefunga madirisha ya ghorofa nzima, na siku ya ufunguzi alisimama nyuma ya wageni. Leo hakukuwa na nyuma ya kusimama.

"Twende wapi, bosi?" mzee aliuliza.

Akanyoosha kidole kule upepo ulikokuwa ukikunja maji, akageuza mashua.