Kioo Cheusi cha Clavery

Ziwa lilirusha mwanga wake mpaka chumba cha matangazo, mwanga mkali usio na haya, ukapita dirishani, ukatua juu ya kioo cheusi cha kompyuta, na hapo ukafia. Kioo kile hakikurudisha kitu. Kokuberwa alikaa mbele yake na khanga ya msiba kiunoni, macho yakimuwasha kwa kulia, akikichukia kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Baba yake, mzee Rutashobya, alikuwa chumba cha maiti, akingoja kupelekwa nyumbani. Nyumbani ni wapi? Hilo ndilo lililokuwa likiwapasua. Mzee aliacha wake wawili na vibanja viwili: cha Izigo, walikolala baba zake chini ya migomba, na cha Buganguzi, alikozaliwa Clavery, mdogo wake Kokuberwa kwa mama mwingine. Jana ukoo ulikaa, ukabishana, ukakubaliana: Izigo. Clavery aliitikia kwa kichwa, mpole kama kondoo. Leo asubuhi kondoo huyo akaingia redioni, ambako yeye ndiye fundi wa kompyuta, akaandika kwamba mzee Rutashobya atazikwa kesho Buganguzi. Kisha akaenda Buganguzi kuchimba kaburi.

Saa sita mchana tangazo lingesomwa. Na huku Bukoba na Muleba, redio ikishasema msiba uko wapi, imesema. Kwaya itaelekea huko, mikungu ya ndizi itaelekea huko, mchungaji ataelekea huko, na maiti itawafuata watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Tata, baba yake, alimwambia yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, mkono wake mkavu ukiwa ndani ya mkono wa binti yake: niwekeni miguuni pa baba yangu.

Basi andika, Kokuberwa. Yeye ndiye mpokeaji wa matangazo, lakini tangu Clavery alete kioo hiki hakuwahi kukigusa bila fundi kusimama nyuma yake. Akaanza na wilaya: akaandika Muleba, na Muleba haikutokea. Akaandika Muleba tena, kwa vidole vya hasira, nayo ikachomoza katikati ya jina la marehemu, ikalipasua vipande viwili. Alihisi kama amempiga baba yake kofi.

Ewe kioo cheusi, usiye na mlango wala kipanya, nani amekufundisha dharau? Kwako kila herufi ni amri, na mgeni haambiwi. Mtu anaandika neno, wewe unalitafuna. Mtu anagusa kidogo, wewe unafuta mstari. Nyumba gani hii ambayo mwenyeji anamkaribisha mtu kwa kumfungia ndani?

Ukutani kulikuwa na karatasi ya Clavery, na kichwa chake kikubwa: Maswali Mnayouliza Kila Siku. Yalikuwa matusi yaliyovaa suti. Naandikaje? Omba ruhusa kwanza, bonyeza i. Naachaje kuandika? Bonyeza Esc, kisha tulia. Nimeharibu, nifanyeje? Bonyeza u, umshukuru fundi. Natokaje humu? Kwani uliingiaje?

Aliyameza matusi hayo moja moja, maana ndani yake kulikuwa na dawa. Esc. Kisha u, na jina la baba yake likaungana. Kisha i. Akaifuta Buganguzi herufi kwa herufi, na kila herufi iliyokufa alifurahi, alifurahi kabisa, bila kuona aibu. Akaandika Izigo. Izigo ikasimama pale, nyeupe juu ya weusi.

Nahifadhije? Nukta mbili, w, halafu Enter. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukatokea chini: faili hili si lako, huruhusiwi kuliandika. Akabonyeza tena. Mwekundu tena. Ndipo akaelewa kwamba mlango haukuwa mgumu tu, ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga aliondoka na ufunguo.

Akampigia simu.

"Clavery, umelifunga tangazo la Tata."

"Swali lako lipo kwenye karatasi, dada."

"Karatasi nimeisoma. Kioo kinakataa."

"Basi kinamjua mwenyewe." Nyuma ya sauti yake majembe yalikuwa yakigonga udongo, na redio ya mtu ikiimba.

"Ukoo ulisema Izigo. Na wewe ulikuwepo."

"Ukoo unasema sebuleni. Redio inasema kote."

Hakukata simu. Alitaka kumsikia dada yake akishindwa. Kokuberwa naye hakukata. Aliilaza simu mezani kama kitu kinachonuka.

Evelyne, msomaji wa matangazo, akapita na glasi yake ya maji.

"Evelyne, tangazo la baba yangu ni la uongo. Sema Izigo."

"Pole, waitu, ndugu yangu. Mimi nasoma kilichohifadhiwa. Ya matangazo ya karatasi si unayajua?"

Aliyajua. Kuna mwaka mtu alileta karatasi ya kifo cha shemeji yake, ikasomwa, na shemeji akafika redioni jioni, mzima, amebeba panga. Tangu siku hiyo redio haikubali karatasi wala mdomo wa mtu, na mfiwa haruhusiwi kukaribia kipaza sauti.

Saa sita ikalia. Evelyne akafungua kinywa. Kokuberwa akasukuma mlango wa studio, akakivuta kipaza sauti, na sauti yake ikatoka kavu, bila kutetemeka.

"Mimi ni Kokuberwa, binti wa Rutashobya. Baba yangu atazikwa kesho Izigo, miguuni pa baba yake. Tangazo lililoandikwa hapa ni la uongo, na aliyeliandika ni mtoto wake."

Evelyne alimshika mkono amvute, halafu akauachia. Kazi yake hapo imeisha, Kokuberwa alijua, na hakujali.

Alirudi mezani. Mwanga wa ziwa ulikuwa umehama kwenye kioo, sasa ulimpiga yeye usoni, nao ulikuwa wa moto. Akainua simu. Kule Buganguzi majembe yalikuwa yamenyamaza.

"Dada," alisema Clavery.

"Sema."

"Umetuaibisha mbele ya watu wote."

"Nimesema alichosema Tata."

Mtu mmoja alikohoa upande wa pili. Clavery aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, sauti ya mtu anayeuliza.

"Shimo tumeshalichimba. Na shimo la mtu halifukiwi tupu, wajua, litamwita mwingine. Sasa tufanyeje?"

"Kateni mgomba," alisema Kokuberwa. "Uzikeni huo humo. Na mlie vizuri."