Neno Mfukoni mwa Shati

Mke wangu alianguka mtihani wa Kiingereza mara mbili, na mara zote aliangukia palepale: kugeuza maswali ya kutenda yawe ya kutendwa. "Nani alikata kitambaa hiki?" liwe "Kitambaa hiki kilikatwa na nani?" Kwa Kiswahili hata mlevi analigeuza. Kwa Kiingereza maneno yanahamahama viti, naye anabaki ameduwaa.

Angefaulu jaribio hili la tatu, chuo cha ushonaji kingemwajiri awe mwalimu, nami ningebaki na vyerehani viwili na miguu miwili tu ya kuvikanyagia. Tumeshona bega kwa bega miaka kumi na tisa. Sitasema uongo: sikutaka aende.

Safari hii alikuja na akili ya fundi. Alichukua karatasi ya kaki tunayochorea mitindo, akakata kila neno kipande chake, akawa anavipanga mezani na kuvibana kwa pini. *Who cut this cloth?* Anabandua, anahamisha, anaongeza. *By whom was this cloth cut?* Kutwa nzima ni hilo.

Sasa, karakana yetu ina sheria: vipande vyote visipotimia mezani, mkasi haushikwi. Ukipotea mkono mmoja wa kanzu, kazi inalala. Basi wiki moja kabla ya mtihani nikakichukua kipande cha *whom*, nikakitia mfukoni mwa shati langu la kazi. Kukitupa sikuweza, maana kutupa karatasi ya kukatia ni mwiko wa fundi. Mtu mzima na mvi zangu, naiba neno!

Alitafuta chini ya meza, akatafuta hata kwenye kopo la vifungo.

"Baba watoto, hujaona kipande changu?"

"Labda kimefagiwa."

Akaguna. Kingine hakukata. Alilipanga swali akaacha pengo, na kila akifika pale aligusa meza tupu kwa kidole, akalitamka neno lisilokuwepo. Roho iliniuma, ila kipande sikukirudisha.

Mtihani akaufanya, na jana, karibu miezi miwili baadaye, barua ya matokeo ilifika. Amefaulu.

"Hongera, mama watoto," nikasema.

"Asante. Haya, nipe kipande changu."

"Kipande gani tena?"

"Miezi miwili nalifua shati hilo. Nakitoa, nafua, likikauka nakirudisha. Au ulidhani kaki haiozi majini?"

Kweli nilidhani kaki ni ngumu. Njia ya mwongo fupi.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikakitoa mfukoni, nikakiweka mezani mbele yake.

"Naogopa kubaki peke yangu hapa," nikamwambia.

"Najua. Na mimi naogopa kwenda."

Anaanza kazi Jumatatu. Leo nimempigia pasi blauzi ya kuendea, na kola nimeirudia mara tatu.