Lengalenga ya Carine

Wivu ni ugonjwa, jamani, na Eugénie aliupata siku ile Dokta Germain alipoyanyooshea kidole matuta ya Carine akasema, "Tutapimia hapa." Hapa! Kwa huyu Carine aliyefika Likasi hajui hata kushika jembe, mpaka Eugénie akamfundisha mwenyewe! Tangu siku hiyo hakula akashiba.

Dokta alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alitaka kujua kama lengalenga, yaani mchicha, inayolishwa samadi tupu inamfaa mlaji kuliko ile ya mbolea ya dukani. Carine alipewa upande wa samadi. Kazi ikienda vizuri, bustani yake ingekuwa ya mfano, na wanawake kuanzia Shituru mpaka Mulungwishi wangekuja kujifunza kwake. Wangemwita mwalimu. Eugénie akiliwaza neno hilo tu, jembe lake linakata miche badala ya magugu.

Basi Jumapili moja, Carine akiwa kanisani anaimba kwaya, Eugénie aliruka mfereji uliotenganisha bustani zao na kopo la urea, mbolea ile ile ya dukani, akainyunyiza kwenye matuta ya mwenzake, akamwagia maji, akarudi kwake kusonga bukari. Haya, tumwone sasa huyo mwalimu!

Kumbe amejipalia makaa. Mvua ikanyesha, lengalenga ya Carine ikanenepa, majani mapana mpaka wapita njia wanasimama. "Carine iko na mukono ya baraka!" Kila asubuhi Eugénie aliyasikia hayo, ameinama juu ya majani yake membamba. Urea yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inasifiwa, naye hana pa kusemea!

Vipimo vikatoka. Dokta akawakusanya wakulima pale pale bustanini, akasema udongo na majani ya Carine yamekutwa na mbolea ya dukani. Amedanganya, matuta yake yameondolewa kwenye utafiti.

Carine alishika kichwa. "Docteur, minye sikutia kitu!" Halafu akamgeukia jirani yake, aliyemheshimu kama dada mkubwa. "Yaya Eugénie, tunalima pamoja kila siku, weye unanijua. Waambie."

Wote wakamtazama Eugénie. Akapandisha mabega. "Mambo ya muntu, minye nitajua wapi?"

"Basi upande wa samadi tutauanza upya kwenye matuta yako, Maman," Dokta akasema, na Eugénie almanusura apige vigelegele.

Kesho yake alifungua mlango akamkuta Carine, macho yamevimba, amejitwika gunia la samadi ya mbuzi, ile aliyoigeuza na kuinyunyizia maji kiangazi kizima.

"Ya kwako ingali mbichi, yaya, itaunguza mbegu. Tumia hii. Kazi ya Docteur isikufe juu yangu."

Akalitua, akaenda zake. Eugénie alibaki anautazama mgongo wake. Yaani huyu mwanamke hata kushindwa anashindwa vizuri kuliko yeye alivyoshinda! Akamwonea wivu kuliko siku zote, akakaa juu ya gunia lile akalia.